Somo: Majahazi, bandari, na majina yanayogongana kwenye Django

Tuseme unatumia Django (zana ya kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Python) kuandika programu ya majahazi ya mizigo kati ya Pemba na Unguja. Jahazi moja laweza kupakia Wete na Mkoani, likashusha Malindi ya Unguja. Na kila bandari ina majahazi mengi. Basi modeli ya Jahazi (modeli ni maelezo ya jedwali la data) inakuwa na nyuga mbili, yaani sehemu zake mbili, za wengi kwa wengi, zote zikielekea modeli ya Bandari:

kupakia = models.ManyToManyField(Bandari)
kushusha = models.ManyToManyField(Bandari)

Hatua ya 1. Endesha makemigrations, amri ya kuandaa mabadiliko ya hifadhidata. Django itagoma na kukutajia hitilafu fields.E304, yaani majina ya kurudi yanagongana. Wengi hapa hukimbilia kubadilisha jina la uga, na hitilafu inabaki pale pale. Tatizo liko kwenye njia ya kurudi. Kila uhusiano huipa Bandari jina la kuyaita majahazi yake, na usipolichagua mwenyewe Django huweka jahazi_set. Sasa ukiandika wete.jahazi_set (wete ikiwa ni bandari ya Wete), unataka yanayopakia au yanayoshusha?

Hatua ya 2. Zipe zote mbili related_name, ndilo jina la kurudi unalolichagua mwenyewe:

kupakia = models.ManyToManyField(Bandari, related_name="majahazi_ya_kupakia")
kushusha = models.ManyToManyField(Bandari, related_name="majahazi_ya_kushusha")

Kuipa moja tu kunatosha kuondoa hitilafu, lakini mimi sipendi. Ile itakayobaki na jahazi_set haimwambii kitu atakayeisoma kodi baada yako.

Hatua ya 3. makemigrations, migrate (amri ya kuyatekeleza mabadiliko), kisha jaribu wete.majahazi_ya_kupakia.all().

Masuala ya wanachama

— Mwalimu, programu yangu inatumika tayari ikiwa na uga mmoja, leo naongeza wa pili. Data zitapotea?

Hazipotei, related_name haigusi jedwali. Ila ukiupa jina uga wa zamani, kila palipoandikwa jahazi_set patavunjika, na filter (uchujaji wa data) za jahazi__jina vilevile. Zitafute kwanza, ndipo ubadilishe.

— Sheikh, na kama sihitaji kurudi kabisa?

related_name="+". Yamekwisha.

— Nyuga nimeziweka kwenye modeli mama ya abstract (isiyo na jedwali lake, ya kurithiwa tu), Chombo. Jahazi na Boti wanairithi. related_name ipo, na bado zinagongana.

Watoto wote wawili wamerithi jina lile lile. Andika "%(class)s_kupakia", upate jahazi_kupakia na boti_kupakia. Kama app mbili (sehemu mbili za mradi wako) zina modeli za jina moja, tanguliza %(app_label)s_.

— Nimeweka related_name="jina", imekataa.

Bandari ina uga wake unaoitwa jina. Chagua jingine.