Hori kwanza: kuanza Majilio na Krismasi na watoto wadogo, Malindi

Mtoto wa miaka mitatu au minne huikumbuka Krismasi kwa kile alichokishika mkononi na kukirudia kila siku. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa kuadhimisha Majilio, yaani majuma ya kungoja Krismasi, anzeni na kitu kimoja tu: hori, chombo cha kulishia mifugo alimolazwa Mtoto Yesu. Nyumba nyingi huanza na mambo saba kwa mpigo, na kufikia wiki ya pili ya Desemba mama amechoka na hakuna linaloendelea. Hori ikishazoeleka, mwaka unaofuata ongezeni mishumaa.

Hori yenyewe

Chukua nusu ya kifuu cha nazi chenye mdomo mpana. Kwangua nyama yote, kisha kianike juani siku mbili. Kikibaki na mafuta kitanuka na kuita chungu. Sugua ukingo kwa msasa mpaka kidole cha mtoto kipite bila kukwaruzwa. Kifuu hubiringika, kwa hiyo kikalishe juu ya kata ndogo ya kamba.

Kando yake weka kopo la nyuzi za makumbi zilizokatwa urefu wa kidole. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2026 ni 29 Novemba. Siku hiyo hori iwe tupu. Kila jioni mtoto atie nyuzi kwa ajili ya jambo jema alilotenda: amempa mdogo wake zamu ya kucheza, amempelekea bibi maji, ameomba radhi bila kusukumwa. Baba na mama nao watie zao. Majilio huwa na siku 22 hadi 28, na unyuzi mmoja mmoja hautajaza kitu, kwa hiyo fungeni vitita vya nyuzi kumi kumi.

Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi: mtoto akikosea, mzazi hutoa kitita horini kama adhabu. Usifanye hivyo kamwe. Mtoto atashika kwamba Yesu analala pabaya kwa sababu yake, wakati Injili inasema alikuja kwa ajili ya waliokosea. Wala ndugu wasihesabiane vitita. Kopo liwe moja, hori moja.

Mtoto Yesu asionekane mpaka usiku wa 24. Mfungeni kitambaa, mwekeni juu ya kabati. Watoto wataomba kumwona, na kungoja huko ndiko Majilio.

Sanamu

Udongo wa mfinyanzi ndio unaofaa. Changanya sehemu nne za udongo na sehemu moja ya mchanga laini uliochekechwa. Bila mchanga udongo hunywea na kupasuka. Mchanga wa pwani uoshwe chumvi kwanza. Finyangeni sanamu ndogo, zisizozidi unene wa vidole viwili, mzianike kivulini siku nne au tano. Jua la Malindi hukausha nje kabla ya ndani, na shingo za kondoo hukatika. Unga uliokandwa na chumvi ni rahisi zaidi, lakini chumvi huvuta unyevu wa bahari: baada ya wiki mbili Yosefu atakuwa amelegea, na mende watakuwa wamemfikia.

Luka hataji ng'ombe wala punda penye hori. Ni mapokeo, na ni mapokeo mazuri: Fransisko wa Assisi aliwaleta wanyama hai kule Greccio, Italia, mwaka 1223 ili watu waone kwa macho. Mtoto wenu akitaka mbuzi, mwekeni.

Mishumaa na kaskazi

Mishumaa ni minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi unaowashwa Jumapili ya tatu. Mishumaa ya rangi ikikosekana, tumieni myeupe na kuzungushia chupa karatasi ya rangi kwa nje. Desemba upepo wa kaskazi huingia kila dirisha, kwa hiyo kila mshumaa usimame ndani ya chupa pana ya kioo yenye mchanga wa vidole viwili. Dakika tano za moto kila jioni zinatosha; mkizidisha, ule wa kwanza utakwisha kabla ya wiki ya nne. Mchana mishumaa iwe mbali na jua, itapinda. Makumbi hushika moto upesi mno, kwa hiyo hori na mishumaa visikae meza moja.

Masomo yawe mafupi. Isaya 9:6 wiki ya kwanza, Luka 1:26-38 ya pili, Luka 1:39-45 ya tatu, Luka 2:1-5 ya nne. Kwa mtoto wa miaka mitatu soma mistari miwili tu, mingine msimulie.

Tarehe 3 Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyepita Malindi mwaka 1542 akienda Goa. Kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti, bado lipo karibu na bahari. Wapelekeni watoto asubuhi, jua halijawa kali.

Usiku wa 24

Misa ya mkesha huwakuta watoto wamelala. Fanyeni yenu saa moja jioni: soma Luka 2:6-7, imbeni wimbo mmoja wanaoujua, kisha mdogo kuliko wote amlaze Mtoto horini. Kama mnakwenda Ganze au Magarini kwa wazee, bebeni hori na Mtoto ndani ya kopo la bati.

Mahamri ya majirani

Vikombe 4 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, vijiko vidogo 2 vya hamira, kijiko kidogo 1 cha iliki, kikombe 1 na robo cha tui zito. Tui liwe vuguvugu. Likichoma kidole limeua hamira. Kanda dakika 15, funika mpaka uumuke mara mbili, gawa madonge 8, sukuma unene wa nusu sentimita, kata kila moja pande nne. Yakiwa membamba hayafuri. Kaanga katika mafuta ya moto; mafuta yakiwa baridi, mahamri yatayanywa. Mtoto abebe sahani mwenyewe hadi kwa jirani. Kwa jirani Mwislamu tumieni mafuta mapya, na mtoto aseme wazi kwamba leo mnasherehekea kuzaliwa kwake Yesu. Wanamjua kama Nabii Isa mwana wa Maryamu, na mazungumzo hayatakosekana.

Mamajusi waanzie dirisha la mbali siku ya 25, wasogezwe hatua moja kila siku, wafike horini 6 Januari; siku hiyo soma Mathayo 2:1-12. Kisha tupeni makumbi yote, fungeni kila sanamu kwa gazeti, na kopo likae juu, pasipo unyevu.