SOMO: Waranti ya bati na waranti ya fundi, someni hii kabla hamjaezeka

Wadau habarini, hasa nyie wa huku kwetu Kigoma na majirani zetu wa Tabora ambao najua saa hizi mnakimbizana na paa kabla mvua za Novemba hazijashuka. Mwezi huu peke yake watu watatu wameniuliza swali moja, "bati nililochukua lina waranti ya miaka 10, si ndo nimemaliza?" Hujamaliza. Ngoja nieleze taratibu maana hii kitu ilituumiza kwetu.

Tuliezeka nyumba ya mama pale Ujiji, bati za rangi nzuri kabisa, muuzaji katuambia miaka 10 msiwe na wasiwasi. Msimu wa kwanza tu wa mvua ikaanza kuvuja juu ya kitanda chake. Tukarudi dukani na karatasi, wakaangalia picha wakasema hapo kosa ni la fundi, bati halina shida. Tukamfuata fundi, akasema mimi nimepiga vizuri ila mmeletewa bati bovu. Tukawa tunatupwa huku na huku, na mama akahamishia kitanda sebuleni mpaka Aprili. Mzazi wako analala sebuleni kwenye nyumba uliyomjengea mwenyewe, hilo sitaki limkute mtu mwingine.

HATUA YA 1: Elewa kwamba waranti ni mbili na wanaozitoa ni watu wawili
Ya kwanza ni ya kiwanda, hiyo inahusu bati lenyewe, yaani rangi isibanduke au kupauka kupita kiasi, na bati lisitoboke kwa kutu ndani ya miaka waliyoandika. Ya pili ni ya kazi, hiyo anatoa aliyeezeka, kwamba paa halitavuja kwa sababu ya upigaji wake. Kiwanda hakiwezi kukudhamini kwa msumari uliopigwa vibaya na fundi hawezi kukudhamini kwa rangi. Sasa nyumba nyingi mtaani kuvuja kwake kunatokana na kazi, na hiyo waranti ya kazi ndo watu hawaiombi kabisa.

HATUA YA 2: Omba karatasi ya waranti KABLA hujalipa, na uanze kusoma kule chini
Usikubali "waranti ipo" ya mdomo. Mwambie muuzaji akupe karatasi au akutumie picha yake, ukaisome nyumbani umetulia. Pale juu kumeandikwa miaka kwa herufi kubwa, wewe shuka chini kwenye mambo ambayo waranti haiyahusu. Angalia haya:

Miaka ni ya nini? Unaweza kukuta rangi ina miaka yake na kutoboka kuna miaka yake, hazifanani.

Wanalipa nini? Zingine wanakupa bati jipya tu, kung'oa lile bovu na kupiga jipya ni juu yako. Zingine fidia inapungua kila mwaka. Chukua mfano umenunua bati 80 kwa shilingi 32,000 kila moja, hiyo ni 2,560,000. Kama waranti ni ya miaka 10 na inapungua asilimia 10 kila mwaka, likiharibika baada ya miaka 8 unastahili asilimia 20, ambayo ni 512,000. Na hapo fundi wa kung'oa, misumari na usafiri vyote unalipa wewe.

Nyumba ukiuza au ukimwachia mtoto, waranti inahamia kwa mwenye nyumba mpya au inafia hapo? Uliza.

Alafu angalia geji na madini yaliyopakwa juu ya bati, maana waranti ni ya aina ileile iliyoandikwa. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, geji 32 ni nyembamba kuliko 30 na 30 ni nyembamba kuliko 28, kuna watu bado wanachanganya wanaona 32 ndo kubwa. Zile bati za mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, mchanganyiko wake ni aluminiamu asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6, na ukiona AZ150 maana yake gramu 150 za mchanganyiko huo kwa mita moja ya mraba ukijumlisha pande zote mbili. AZ ndogo ina maana limepakwa kidogo. Maandishi haya mara nyingi yamechapwa upande wa chini wa bati pamoja na namba ya uzalishaji, yapige picha kabla bati halijapanda juu kwa sababu likishapigwa huwezi kuyaona tena mpaka uingie darini.

HATUA YA 3: Risiti
Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iwe na jina LAKO. Ukimtuma fundi akanunue kwa jina lake, siku ya kudai mteja anayetambulika ni yeye. Na zile karatasi za EFD zinafutika zikikaa kwenye joto, kwa hiyo itoe kopi siku hiyohiyo.

HATUA YA 4: Jua vitu ambavyo fundi akivifanya waranti ya kiwanda inakufa
Hapa naomba msome polepole, ndo palipotuangusha sisi.

Grainda. Fundi wengi wanakata bati kwa grainda kwa sababu ni haraka, lakini zile cheche zina moto, zinaunguza ile rangi na madini pembeni mwa mkato, na vumbi la chuma linaloangukia kwenye bati linaota kutu vidoadoa. Bati likatwe kwa mkasi wa bati, na jioni kabla hawajashuka wafagie paa lote.

Penseli. Wengi hawajui hili, kalamu ya risasi ikichora kwenye bati la aluminiamu na zinki, pale penye mstari panaliwa ukipata unyevu. Watumie maka peni.

Saruji. Huku kwetu tunaezeka kwanza ndo tunapiga lipu, basi udongo wa saruji unarukia bati na unaachwa ukauke. Saruji mbichi inakula aluminiamu na zinki. Waoshe na maji papo hapo.

Mbao za dawa zikiwa mbichi. Zile za paini za kijani zina dawa yenye shaba, na shaba ikikutana na bati kukiwa na unyevu inalila. Ziache zikauke vizuri kabla ya kupigia bati.

Kuhifadhi. Bati limetoka Dar limepita Tabora mpaka kufika Kigoma, likinyeshewa njiani na likabaki limepangwa limebanana, linaota kutu nyeupe katikati hata kabla halijapanda. Siku ya kupokea lifungue, kagua, lenye mkwaruzo au ukungu mweupe liandike kwenye karatasi ya kupokelea mzigo kabla hujasaini. Ukishasaini bila kuandika umekubali mzigo ni mzima.

Na misumari. Iwe ile yenye mpira, na ipigwe kwenye mgongo wa bati isipigwe bondeni ambako maji yanapita. Msumari uliopigwa kupita kiasi unapasua mpira, uliolegea unaachia njia, yote mawili yanavuja na yote ni kosa la fundi. Kwa mama ndo tulichokuta, misumari ya bondeni kabisa.

HATUA YA 5: Muandikishane na fundi
Najua fundi wengi wa mtaani hawana kampuni, ni mtu na mkoba wake, na wengi ni wazuri sana. Lakini karatasi moja ya daftari inatosha: jina lake na namba ya kitambulisho, kazi ni ipi, bei, anadhamini kuvuja kwa muda gani, akipigiwa simu anakuja ndani ya siku ngapi, na akikosea nani ananunua bati la kubadilisha. Mashahidi wawili, mmoja wake na mmoja wako. Muda usipungue msimu mmoja mzima wa mvua, ukiezeka Agosti mpaka Oktoba hujajua lolote kuhusu hilo paa.

Alafu bakiza hela. Kwenye miradi ya serikali kuna kitu kinaitwa kipindi cha matazamio, mkandarasi anakatwa kiasi kinashikiliwa mpaka muda upite bila kasoro. Wewe pia fanya hivyo, shika hata asilimia 10 ya ufundi mpaka mvua kubwa mbili tatu zipite, ila mkubaliane MWANZO, usije kumshtukiza mtu mwisho wa kazi ukamnyima jasho lake. Na kama ni kampuni, omba cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi uone daraja lake.

HATUA YA 6: Piga picha kila hatua, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), papi (mbao zinazopigiliwa bati), kofia (bati la kufunika kilele), mapishano ya bati, na uziweke mahali ambapo simu ikipotea hazipotei. Basi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kasulu: Kaka asante kwa somo, mimi nimeshaezeka mwaka jana na sikuandikishana chochote, nimechelewa?
Jibu: Hujachelewa kote ndugu yangu. Ya kiwanda bado ipo kama una risiti, ingia darini upige picha maandishi ya upande wa chini wa bati. Ya fundi itabidi uongee naye kwa uungwana, kama amekujengea vizuri atakuja tu hata bila karatasi, na akikataa mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakutanisha.

Dada wa Uvinza: Hapa kwetu kuna viwanda vya chumvi, karatasi yangu imeandika haihusu maeneo ya bahari na kemikali. Inanihusu?
Jibu: Swali zuri sana dada. Watu wa ukingoni mwa ziwa huku Kibirizi wasiogope, Tanganyika ni maji baridi, sio bahari. Ila wewe chumvi ipo kweli hapo jirani, na chumvi inaharakisha kutu. Muulize muuzaji KABLA ya kununua, mtajie eneo na umbali kutoka kiwandani, na akujibu kwa maandishi hata kwa meseji. Akikwepa kujibu nenda duka lingine.

Mdau wa Urambo: Nimeezeka bani (banda la kukaushia tumbaku) kwa bati zilezile za nyumba, moshi kila msimu. Waranti?
Jibu: Nina wasiwasi mzee wangu. Karatasi nyingi zinatoa nje moshi na mvuke wa shughuli za uzalishaji, na bani ni joto na moshi muda wote. Soma yako, ila mimi ningeweka bati la kawaida la bei nafuu kwenye bani nikijua nitalibadilisha, la waranti nikaliweka nyumbani.

Mama wa Isevya, Tabora: Upepo ukiezua paa kiwanda kinalipa?
Jibu: Hapana mama, upepo mkali kwa kawaida umetolewa nje. Ulinzi wa upepo uko chini ya bati, kenchi ifungwe na chuma kilichotoka kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), sio msumari peke yake. Hilo liandike kwenye makubaliano na fundi na uliangalie kwa macho kabla bati halijapanda.

Mdau wa Mwanga: Fundi dishi alitoboa bati akafunga dishi, sasa panavuja, nidai wapi?
Jibu: Kwa fundi dishi. Tundu lolote linalotobolewa baada ya kuezeka, dishi au sola, linaweza kukukosesha waranti ya kiwanda hapo palipotobolewa, na fundi paa naye ana haki ya kukwambia mimi sipo. Siku nyingine mwambie afunge ukutani.

Mdau wa Kasulu tena: Na muuzaji akigoma kabisa wakati kila kitu kimetimia?
Jibu: Andika barua, ambatanisha kopi ya risiti, waranti na picha, apokee na asaini kopi yako. Asipojibu, kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Bati likionekana liko chini ya kiwango, jembamba kuliko lilivyoandikwa, hiyo peleka TBS, Shirika la Viwango. Nenda na kipande cha bati lenyewe kama unacho, usiende na maneno matupu.

Dada wa Uvinza tena: Nimeongea na muuzaji, amesema nisubiri awaulize kiwandani.
Jibu: Subiri dada, usilipe hata shilingi mpaka meseji iingie.