Mtoto kazaliwa na kidevu kidogo na tundu kwenye kaakaa: namna ya kumlaza na kumlisha

Jamani wazazi, mtoto akizaliwa na kidevu kidogo sana kilichorudi nyuma msiishie kusema kafanana na babu, ombeni nesi amulike tochi mdomoni mpaka kule nyuma kabisa, maana midomo inaweza kuwa mizuri tu kumbe kaakaa, yaani paa la mdomo, liko wazi. Kidevu kidogo, ulimi kuangukia nyuma na pumzi kubana, madaktari wanaita Pierre Robin, jina la daktari wa meno wa Ufaransa aliyeielezea 1923. Sio laana na mama hajakosea kitu.

Pumzi kwanza. Akilala chali ulimi unaziba koo, ndo maana utasikia anakoroma, kwaio hospitali huwa wanamlaza kifudifudi au ubavu huku wanamwangalia. Nyumbani usianze mwenyewe, daktari akuoneshe, na ukiruhusiwa iwe godoro gumu bila mto na mtu mzima yuko macho. Mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi au ulimi ukiwa bluu, kimbia hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Kula sasa, hapa ndo wamama wanalia sana. Anashika ziwa vizuri ila havuti kitu sababu hewa inapita kwenye lile tundu, anachoka analala na njaa, afu mama anaambiwa hana maziwa. Maziwa unayo! Yakamue, mpe kwa chupa laini ya kubinya au kikombe kidogo, amekaa wima, binya kidogo, subiri ameze, mbeulishe mara kwa mara maana anameza hewa nyingi. Maziwa kidogo kutokea puani usiogope, ila akipaliwa acha kwanza. Kula kukizidi nusu saa anapoteza nguvu bure. Mpime uzito kila wiki, na wakisema awekewe mrija wa kulishia usikatae.

Omba pia moyo, macho na masikio vipimwe hata akionekana mzima, maana wengine wana ugonjwa uitwao Stickler, unaoharibu macho na maungio ya mifupa, na kaakaa likiwa wazi maji hujaa sana nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anachelewa kuongea.

Kaakaa hushonwa mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, pumzi ikishatulia. Hela isikurudishe nyuma, hospitali ya CCBRT Dar wanafanya hizi operesheni na shirika la misaada la Smile Train linalipia kwenye hospitali kadhaa Tanzania na Kenya, uliza mapema na ubebe kadi ya kliniki yenye uzito wake wote.