Kupima na kupunguza kitambi bila kushindana na homoni za mafuta

Mafuta ya mwilini ni kiungo kinachofanya kazi: hutengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu saa zote. Ukizifahamu mbili tu, leptini na adiponektini, utaelewa kwa nini anayejinyima chakula kwa pupa huishia kunenepa upya.

Leptini iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Kwa kawaida mtu mnene anayo tele, ila ubongo wake hauiitikii inavyopasa. Usipoteze pesa kununua vidonge vya leptini: ni protini, na ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama maharage.

Adiponektini huisaidia misuli na ini kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, lakini hupungua kadiri mafuta ya tumboni yanavyoongezeka. Ndiyo maana tunaanza na kiuno kabla ya mizani.

Nunua futi mpya ya fundi cherehani. Iliyozeeka huvutika, ikasoma pungufu. Pima asubuhi kabla ya chai, ukishatoka chooni, kiuno kikiwa wazi. Papasa ubavuni hadi mbavu ya mwisho, weka alama kwa kalamu. Tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka nyingine. Futi ipite katikati ya alama hizo, ilale sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuiminya. Toa pumzi kama kawaida, kisha soma. Rudia, vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, anza upya. Kosa kubwa ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa. Kwa mwenye kitambi mkanda huteremka chini ya tumbo, na namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Kupima juu ya kanga nako kunaharibu.

Mwanaume akifika sentimita 94, au mwanamke 80, hatari imeanza. Kwenye 102 na 88 ni kubwa. Mjamzito asitumie kipimo hiki.

Sasa kupunguza. Ukijinyima sana, leptini hushuka ndani ya siku chache, haraka kuliko mafuta yenyewe. Ubongo husoma kushuka huko kama njaa ya kweli: hamu ya kula inapanda, mwili unabana matumizi ya nguvu. Hapo wengi hujiona hawana msimamo, na si haki kujilaumu, maana ni mwili unaojihami. Lenga nusu kilo kwa wiki. Mwenye kilo 90 akipunguza 4.5 hadi 9 tayari insulini yake inafanya kazi vizuri zaidi.

Anza na vinywaji na mafuta ya kupikia, usianze kwa kuzifukuza ndizi. Soda ya mililita 350 yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Mbege, pombe ya Wachagga, nayo ihesabu kama chakula, kwa kuwa ni ndizi na ulezi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120: sufuria ya watu wanne itoshe kwa vijiko viwili, vilivyopimwa, si kumimina kutoka kwenye dumu. Ukipakua machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, ndizi ziwe robo ya sahani, nyama au maharage robo, na nusu nzima mnafu au mchicha.

Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kwa mkazi wa mji wa Moshi hilo ni rahisi: shuka kwenye daladala kabla ya kituo chako. Lala angalau saa 7. Usingizi mfupi huweza kushusha leptini na kupandisha ghrelini, homoni ya njaa itokayo tumboni. Anayeamkia mzigo soko la Mbuyuni saa 10 alfajiri awe kitandani saa 3 usiku.

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) aongee kwanza na kliniki yake ya kisukari, kwani akipunguza chakula bila kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka ghafla.

Pima kiuno kila baada ya wiki mbili, uandike. Mizani ikigoma huku kiuno kinapungua, endelea hivyo hivyo. Vyote viwili vikigoma kwa wiki nne, rudi kwenye kijiko cha mafuta: mara nyingi ndicho kilichoacha kupimwa.