Kuanza Kazi ya Ukeshia Benki Ukiwa Tanga: Hatua kwa Hatua

Vijana wanaomaliza vyuo hapa Tanga huniuliza swali lilelile: nitaingiaje benki wakati sina mtu ndani? Nami nawajibu: jifunze kufunga hesabu kabla hujaomba kazi. Vyeti vitakufikisha kwenye usaili. Anayedumu dirishani ni yule ambaye kila jioni pesa zilizomo kwenye droo yake zinalingana na zinazosomeka kwenye mfumo. Nimekaa kaunta kwa miaka, sasa nawafundisha wageni, na njia ninayowapitisha ndiyo hii.

Hatua ya kwanza: weka karatasi zako sawa

Cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Hisabati na Kiingereza. Stashahada au shahada ya benki na fedha, uhasibu au biashara. Namba ya NIDA. Cheti cha kuzaliwa. Wadhamini wawili wanaopokea simu. Benki nyingi hupendelea shahada. Kuna nafasi za ukeshia zinazopitia mawakala wa ajira ambazo mara nyingine hupokea wenye stashahada, kwa mkataba wa muda. Usizidharau, maana dirisha ni lilelile.

Vijana wengi husahau madeni. Kama una mkopo wa simu uliokwama, au umejifunga kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, umalize kwanza. Taarifa za mikopo hutunzwa na taasisi maalumu, na benki huzisoma. Tena, anayefuatwa na wadai kila asubuhi akikaa karibu na droo ya pesa za watu anajitesa. Nasema hivi kwa kumlinda yeye.

Hatua ya pili: kaa kwenye kibanda cha wakala

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana. Tafuta wakala anayefanya miamala ya simu pamoja na ya benki, awe Mgandini, Makorora, stendi ya Kange au jirani na kwenu, umwombe umsaidie kazi. Mshahara utakuwa mdogo. Unachofuata pale ni mazoea ya kushika pesa za wengine huku foleni ikikusukuma.

Kila asubuhi andika kwenye daftari pesa taslimu na floti, yaani salio la kufanyia miamala, ya kila laini. Tuseme mtaji ni 3,000,000: taslimu 1,200,000, M-Pesa 800,000, Airtel Money 400,000, uwakala wa benki 600,000. Jioni ukakuta taslimu 1,950,000, M-Pesa 350,000, Airtel Money 150,000, benki 550,000. Jumlisha: ni 3,000,000 ileile. Siku hiyo waliokuja kuweka walileta pesa nyingi kuliko walizochukua waliokuja kutoa, ndiyo maana taslimu imepanda na floti imeshuka. Kamisheni ihesabiwe pembeni, isichanganywe na mtaji. Tajiri, yaani mwenye kibanda, akikopa 20,000 ya nauli, iandike palepale pamoja na saa. Akisema "nitarudisha jioni, usiandike", andika vilevile.

Ukifanya hivyo kila siku bila kuacha, siku ya usaili utakuwa na la kueleza ambalo aliyesoma vitabu peke yake hana. Daftari lenyewe lisitoke kibandani, kwa sababu lina mambo ya wateja. Eleza utaratibu wako kwa mdomo.

Hatua ya tatu: zijue noti kwa macho na kwa vidole

Ya 1,000 ni ya bluu na ina sura ya Mwalimu Nyerere, ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ni ya zambarau na ina faru, ya 10,000 ni nyekundu na ina tembo. Inua noti kwenye mwanga utafute sura ya Mwalimu iliyofichika ndani ya karatasi na uzi unaopita humo, kisha papasa maandishi: ya noti halali yana mkwaruzo. Fanya hivyo kwa noti safi hadi vidole vizoee, na ya bandia itakushtua yenyewe. Ukiitilia shaka, usimrudishie mteja wala usimpigie kelele mbele za watu. Mwite msimamizi.

Bunda moja ni noti 100. Kwa hiyo bunda la 10,000 ni 1,000,000, la 5,000 ni 500,000, la 2,000 ni 200,000, la 1,000 ni 100,000. Hayo yatoke kichwani kama jina lako.

Jua pia kwamba kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025 Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Bado utampata bibi aliyekuta bahasha kwenye sanduku la marehemu mumewe. Mweleze taratibu na kwa heshima, kwa sababu kwake hizo bado ni pesa.

Hatua ya nne: maombi na usaili

Omba kupitia tovuti ya benki yenyewe au tangazo unaloweza kulithibitisha tawini. Anayekudai "ada ya usaili" au "hela ya fomu" ni tapeli, hata akiwa amevaa tai.

Usaili huwa na hesabu za haraka na maswali ya uamuzi. Mfano: mteja unayemfahamu vizuri, tena rafiki wa baba yako, anataka kutoa 3,000,000 na hana kitambulisho. Utafanyaje? Jibu ni kumwamkia, kumweleza kwamba utaratibu unamlinda yeye, kisha kumpeleka kwa msimamizi. Humlipi kwa kuwa unamjua. Wanaokusaili wanataka kuona kama unaweza kukataa bila kumvunjia mtu heshima.

Hatua ya tano: dirishani

Mwanzoni utaketi nyuma ya keshia mzoefu. Tazama mikono yake.

Kanuni moja ibebe hadi ustaafu: mteja anayeweka pesa, hesabu kwanza, ingiza kwenye mfumo baadaye, anayetoa, ingiza kwanza, lipa baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, utampokelea mtu pesa ambazo hazipo, au utalipa kutoka kwenye akaunti isiyo na salio.

Mteja anapoweka, soma fomu yake kwanza: kiasi cha tarakimu na cha maneno vifanane. Tenganisha noti kwa thamani, hesabu mbele ya macho yake, mtajie jumla. Pesa zake zikae juu ya meza peke yake hadi umalize kuingiza, kusaini na kugonga muhuri, ndipo ziingie kwenye droo. Watu wa soko la samaki la Deep Sea huja na noti zenye unyevu, na noti za namna hiyo hugandana hata mashine ikazihesabu mbili kama moja. Zitenganishe, zipitishe tena, kisha uhakikishe kwa mkono. Wala usikunje pua. Mama huyo ameamka alfajiri kuzitafuta.

Anayetoa pesa, hesabu mara mbili, mkabidhi, mwombe azihesabu palepale kabla hajaondoka.

Na salamu. Tanga mtu haulizwi shida kabla ya kuamkiwa. "Shikamoo mzee" haichelewi, na mzee aliyeamkiwa vizuri husubiri kwa utulivu mfumo ukigoma.

Hatua ya sita: kufunga, na kutafuta kilichopotea

Dirisha likifungwa, hesabu droo kwa thamani za noti na sarafu, kisha linganisha na mfumo. Zikitofautiana, usianze kuhesabu upya kwa hofu. Itazame tofauti yenyewe, ina habari.

Ikigawanyika kwa 9, huenda tarakimu zimebadilishana nafasi: mteja ameweka 540,000 ukaandika 450,000, nawe una ziada ya 90,000. Ikiwa ziada ni 400,000, tafuta muamala wa 200,000, kwani inawezekana pesa iliyowekwa imeingizwa kama iliyotolewa. Pungufu la 8,000 mara nyingi ni noti ya 10,000 iliyotoka mahali pa 2,000. Tofauti ya 300,000 inakuelekeza kwenye mabunda: la 2,000 limehesabiwa kama la 5,000.

Usipoipata, mwambie msimamizi kabla hujaondoka, iwe pungufu au ziada. Ziada iliyofichwa kwenye droo "ije izibe pungufu la kesho" imewaharibia kazi watu waliokuwa hodari. Ziada ni pesa ya mtu, na mwenyewe yuko njiani anarudi. Pungufu usilizibe kimyakimya kwa pesa ya mfukoni mwako pia, maana kosa litabaki kwenye muamala wa mteja.

Hatua ya saba: mji wa watu wanaojuana

Utaona akaunti ya mwalimu wako, ya imamu, ya jirani wa Chumbageni. Shangazi atakuuliza kwa upole, "Hivi yule kijana anayemposa binti yetu, ana chochote?" Jibu ni "Shangazi, kazini sitoki na kitu," na ulirudie hadi azoee. Siri ya mteja inalindwa na sheria. Miamala ya ndugu zako pamoja na yako mwenyewe mwachie keshia mwenzako aifanye.

Hatua ya nane: ukiitwa mbali, nenda

Wengi wanataka tawi la Tanga mjini wabaki nyumbani. Nafasi ikitokea Korogwe, Handeni au Lushoto, chukua. Kwenye tawi dogo hakuna wa kumwachia: asubuhi uko kaunta, mchana unafungua akaunti, jioni unasaidia kujaza pesa kwenye mashine ya kutolea. Ukiwa huko, anza mitihani ya taaluma ya Taasisi ya Wanabenki Tanzania, TIOB, mapema, kabla familia na majukumu havijaongezeka. Nafasi ya mkuu wa kaunta ikitangazwa, uwe umeshafanya kazi zote ambazo mwenzako wa mjini amezisikia tu.