Kusafisha bustani ya mtaa yenye salfa, oili chafu na mabaki ya betri

Mtwara na Lindi, uwanja wa mtaa ukikaa miaka mingi bila mwangalizi hujipatia kazi nyingine. Huwa gereji, halafu dampo, na msimu wa kupulizia mikorosho ukifika mtu anarundika mifuko ya salfa chini ya mwembe. Kosa kubwa ni kuleta greda siku ya kwanza, maana litasambaza sumu ya kona moja uwanja mzima. Isitoshe, sumu hizi tatu hazina dawa moja.

Anzeni na wazee na mafundi wa zamani. Waulizeni betri zilivunjiwa wapi, oili ilimwagwa wapi, salfa ilikaa wapi. Choreni ramani, kisha gaweni uwanja vipande vya mita 10 kwa 10. Katika kila kipande chukueni udongo sehemu tano, uchanganyeni, mbaki na nusu kilo. Chukueni sentimita 5 za juu tu, kwa kuwa huo ndio udongo unaofika mdomoni mwa mtoto. Mkichanganya na wa chini, usafi wa chini utaficha sumu ya juu. Sampuli ya kina cha sentimita 15 hadi 30 iwe na mfuko wake. Udongo wa kupimwa risasi, yaani metali ya sumu iliyomo kwenye betri, uende kwenye mfuko safi wa plastiki, ule wa oili kwenye chupa ya kioo. Kwa pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali kwenye udongo, ulizeni kwanza TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara. Kwa risasi, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa kulinganisha majibu, mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha kuanza kutilia shaka udongo wa makazi kutoka miligramu 400 za risasi kwa kilo hadi 200.

Chimbeni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Udongo wetu wa kichanga hauzuii kitu: mvua ikikuta shimo wazi, sumu inashuka kuelekea visimani. Tatizo ni kwamba miezi hiyo kusi inavuma na kupeperusha vumbi. Kwa hiyo kazi iwe ya alfajiri, na udongo umwagiwe maji kabla ya kuguswa, ulowe bila kutiririka.

Salfa ndiyo nyepesi. Zoeni kwanza ile ya njano inayoonekana, msiichimbie chini wala msiichome, maana moshi wake hukaba pumzi. Inayobaki hugeuzwa tindikali na vijidudu vya udongo, ndiyo maana nyasi hazioti hapo. Kilo moja ya salfa huhitaji kama kilo 3 za chokaa ya kilimo. Msipojua kiasi kilichobaki, anzeni na kilo 20 kwa mita 100 za mraba, mchanganye hadi sentimita 15, mpime tena baada ya mvua.

Udongo wa oili utandazeni juu ya turubai la nailoni, unene usizidi sentimita 30, na tuta kuzunguka. Ndoo nne za udongo kwa ndoo moja ya samadi iliyooza, pindueni kila wiki, pasikauke. Ni kazi ya miezi. Harufu ikiisha msishangilie: oili chafu ya injini hubeba pia metali, na hizo haziozi. Pimeni kabla ya kuurudisha.

Sasa betri. Risasi haiozi, haichomeki ikaisha, haisafishwi kwa maji. Ama itolewe, ama ifunikwe. Kutoa sentimita 30 kwenye kipande kimoja cha mita 10 kwa 10 ni mita za ujazo 30. Udongo ukilegea unakaribia 38, yaani safari sita za lori la mita za ujazo 7. Huo ni taka hatarishi. Ongeeni na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu msafirishaji mwenye kibali kabla ya kushika sururu, la sivyo mtaishia na kichuguu cha sumu kando ya barabara. Mkishindwa gharama, tandazeni wavu wa rangi kali kama alama, kisha sentimita 30 za udongo safi ulioshindiliwa. Hapa ndipo wengi huharibu: wanafunika, halafu fundi wa bembea anatoboa mashimo na kuipandisha risasi juu. Nguzo zisimikwe kabla ya kufunika, na miti ipandwe pembeni, nje ya eneo lililofunikwa.

Wachimbaji wavae barakoa ya vumbi laini, glavu na mabuti. Nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Vitakasa mikono haviondoi risasi.

Kujenga upya, toeni mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Vipandikizi vya nyasi vipandwe mvua zikishakolea, kila sentimita 20, yaani 2,500 kwa kila mita 100 za mraba, na uzio usimame kwanza, kwani mbuzi hawasubiri. Msitandaze maganda ya korosho kwenye vijia: mafuta yake huunguza ngozi. Chini ya bembea wekeni mchanga wa mto, si wa ufukweni. Mabomba ya bembea yawe yaliyopakwa zinki kwa sababu ya chumvi ya bahari, na rangi iwe isiyo na risasi. Baada ya masika moja, tembeeni na ramani yenu: nyasi zikikauka kwa duara au wavu wa alama ukichungulia, fungeni kipande hicho, mpime tena.