Wakili wa leseni za kubeti si yule wa kesi ya kiwanja

Nina mashine sita za sloti, madubwi kwa lugha ya mtaani, kwenye baa za Igoma na Buzuruga hapa Mwanza. Siku wakaguzi walipobeba tatu kwa sababu sikuwa nimehuisha leseni, nilikimbilia kwa wakili aliyenishindia kesi ya kiwanja. Wiki tatu akawa anaandaa kiapo cha kwenda mahakamani. Kumbe nilichohitaji ni mtu wa kukaa na faili langu, aone kinachopungua, aiandikie Bodi ya Michezo ya Kubahatisha barua iliyonyooka.

Kwa hiyo usimtafute anayesifiwa kwa kuunguruma kortini. Waulize wenye maduka ya kubeti waliodumu, au mhasibu anayewatengenezea ritani za kodi. Huyo anajua barua za wakili gani hujibiwa. Ukipewa jina, liingize kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Ni bure, na vishoka wenye suti wapo wengi.

Mkikutana, mtupie swali dogo: kodi ya michezo ya kubahatisha nalipa wapi? Akikwambia kwa Bodi, aga. Tangu 2017 inakusanywa na TRA. Muulize pia: TRA wakinikadiria kodi nisivyokubali, nina muda gani wa kupinga? Pingamizi linatakiwa ndani ya siku 30, na wa fani hii hajibu hilo kwa "tutaangalia". Sheria yenyewe ya michezo ya kubahatisha, Sura ya 41 ya mwaka 2003, si ndefu kiasi cha kumtisha msomi.

Niliyenaye sasa nilimjua kwa alivyoanza. Hata sijakaa vizuri: "Mama, nipe leseni ya mwisho, mikataba na wenye baa, na ritani za miezi mitatu." Akaufungua mkataba wa Buzuruga, akaweka kidole chini kabisa. Mwenye baa alisaini, mimi sikusaini. Mwaka mzima! Yule wa kwanza mkataba huo hakuwahi kuuomba.

Kwenye hela, tenganisha mafungu mawili. Ada ya wakili mwandikiane: kazi gani, kiasi gani, na akupe risiti ya EFD. Ada ya serikali usimpe mkononi. Mwambie akuletee kontroo namba, ulipe mwenyewe. Akisema kuna "mtu wetu ndani" anayetaka chochote, nyanyuka, maana siku mambo yakiharibika leseni ina jina lako, si lake.

Kama unafikiria kufungua Zanzibar, haya ni ya Bara. Kule wana sheria zao na mawakili wao, tafuta wa huko huko.

Kingine, kila barua anayoipeleka udai nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mimi ninazo kwenye faili la buluu, chini ya kaunta ya Igoma. Mkaguzi wa juzi alizipitia zote amesimama, soda yake haijafunguliwa, akaondoka. Yule wa kwanza naye bado ni wakili wangu. Wa viwanja.